Oscar hakushindwa, na pivo wetu pia hakushindwa

Ndugu, dada, na wadogo zetu mlioko Kamembe, Gihundwe, Bugarama na popote mlipo,

Hii tunaiandika tukiwa na hasira, tusidanganyane. Wiki iliyopita mtu mmoja wa kwetu aliweka kwenye grupu picha ya Oscar Tshiebwe akiwa na jezi ya Kentucky, na chini yake akaandika: ribaundi 515, kombe sifuri, mrefu bule. Watu wakacheka. Wengine wakaongezea jina la mdogo wetu, yule pivo wetu, wakamwita "Oscar wa Kamembe". Mdogo wetu alisoma yote. Usiku ule ule akatoka kwenye grupu, na mpaka leo hajakanyaga uwanja.

Sasa sisi tuliobaki tunataka kujibu. Tutaanza na Oscar, kwa sababu mliyoyasema juu yake si kweli. Halafu tutarudi hapa nyumbani.

Kwa wale ambao bado hawamjui: Oscar Tshiebwe ni mtoto wa Lubumbashi, amezaliwa mwaka 1999. Kiswahili anakijua toka nyumbani, kile cha Katanga, kinachotuchekesha sisi watu wa Kivu na wao chetu kinawachekesha. Baba yake alifariki Oscar akiwa bado mdogo. Mwaka 2015 akapelekwa Marekani kusoma, Kiingereza hana, mama yuko mbali. Alianza chuo West Virginia, na Januari 2021 akahamia Kentucky, chuo ambacho basketi kule ni kama misa ya Jumapili. Ukumbi wao wa Rupp Arena unaingiza watu kama elfu 20. Wenzetu mnaoujua uwanja wetu, wenye simenti iliyopasuka na kikapu kimoja kisicho na wavu, hebu fikirini watu elfu 20 wanakuja kumtazama kijana wa chuo.

Msimu wake wa kwanza kule ulikuwa 2021–22. Alicheza mechi 34. Kwa kila mechi alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1. Ukizijumlisha ribaundi zote unapata 515, na ni wachezaji wachache mno wa Kentucky waliowahi kufika hapo ndani ya msimu mmoja, na Kentucky ni chuo kilichopitiwa na majina makubwa miaka mingi. Tarehe 22 Desemba 2021, dhidi ya Western Kentucky, alivuta ribaundi 28 usiku mmoja. Ishirini na nane! Kuna timu nzima hapa mtaani hazifikishi hizo. Mwisho wa msimu zawadi zote kubwa za mchezaji bora wa vyuo Marekani zikaenda kwake. Mtoto wa Lubumbashi.

Mtu atasema: sawa, lakini ribaundi ni nini, si mpira tu umeanguka? Hapana. Tuseme polepole, maana hapa ndipo wengi mnapokosea. Ribaundi inazaliwa na kosa la mtu mwingine. Mwenzako amerusha, amekosa. Mpira uko hewani, wa hakuna mtu. Kabla haujagusa chuma, tayari pivo amesoma utaangukia upande gani, amemweka mtu wa timu nyingine mgongoni, amekula kiwiko cha mbavu, ameruka, ameushika kwa mikono miwili, halafu anampa tena yule yule aliyekosa ili ajaribu mara ya pili. Katika zile ribaundi 15 za Oscar, kama tano hivi kila mechi zilikuwa upande wa kushambulia. Yaani kila mechi wenzake walipata nafasi tano za kufutiwa makosa. Na Oscar si mti. Ana mita 2.06, kule ni urefu wa kawaida kwa pivo, wengi aliokuwa anapigania nao walikuwa wanamzidi. Alikuwa anawashinda kwa kusoma mpira na kwa kutokuchoka.

Mbona tunakumbuka magoli ya mbali tu? Kwa sababu video fupi za simu zinaonyesha magoli ya mbali. Ukiwa na mega za faranga mia mbili huwezi kutazama mechi nzima, unaangalia dakika mbili tu. Ndani ya dakika mbili hakuna mtu anayeonyeshwa akisukuma mgongo.

Twende kwenye usiku wenyewe mnaoupenda kuutaja. Tarehe 17 Machi 2022, Indianapolis, raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa ya vyuo. Kwetu ilikuwa imeshapita saa saba usiku, tayari ni tarehe 18. Wengine wetu wakati huo tulikuwa bado ng'ambo, Bukavu, tunatazama kwenye simu moja watu sita, umeme umeenda. Kentucky walikuwa wamepangwa namba 2 katika kundi lao, wapinzani wao Saint Peter's namba 15, chuo kidogo cha Jersey City ambacho hata Wamarekani wengi walikuwa hawakijui. Mechi ikaenda mpaka muda wa nyongeza, na Saint Peter's wakashinda 85–79.

Oscar alifanya nini usiku ule? Pointi 30, ribaundi 16.

Rudieni kusoma. Pointi 30 na ribaundi 16 katika mechi ambayo mnasema ameiangusha timu. Mipira ya mbali ya Kentucky ilikataa kuingia, mitupo huru ilipotea ovyo, na upande wa pili kijana Daryl Banks alikuwa anawaka moto, alimaliza na pointi 27, na Doug Edert akatoka benchi akaongeza 20. Hatutataja majina ya wenzake Oscar waliokosa, nao walikuwa vijana wa chuo tu, na tukifanya hivyo tutakuwa tunahamisha tu mzigo kutoka kichwa kimoja kwenda kingine. Tunachosema ni kwamba asubuhi yake jina lililosambaa kwenye simu zetu lilikuwa la Oscar. "Mchezaji bora gani huyu anatolewa na Saint Peter's?" Ndiyo maneno mliyoandika, tunayo bado.

Na hao Saint Peter's hawakuwa wachovu kama mlivyodhani. Baada ya Kentucky wakawapiga Murray State, halafu Purdue, wakafika nane bora, jambo ambalo hakuna timu iliyopangwa namba 15 iliwahi kulifanya. North Carolina ndio waliowasimamisha. Kama mnataka kupima msimu kwa usiku mmoja, kwa nini msichague usiku mwingine? Tarehe 29 Januari 2022 Kentucky walienda nyumbani kwa Kansas, kwenye ukumbi ambao wageni hutoka wakilia, wakawafunga 80–62. Pointi 18 za tofauti. Oscar alikuwa na pointi 17 na ribaundi 14. Kansas hao hao miezi miwili baadaye wakabeba kombe la taifa. Hakuna hata mmoja wenu aliyeweka picha ya mechi hiyo.

Sasa tuwe wakweli, maana kaka mmoja ametuambia tukimtetea mtu kupita kiasi tunamgeuza sanamu. Oscar alikuwa na udhaifu, tena unaoonekana. Mene wa upande wa pili akiletewa mtu wa kumkingia, akapita, Oscar alikuwa anabaki nyuma karibu na kikapu, mene anasimama anarusha bila mkono usoni. Timu zilizomsoma zilimfanyia hivyo mara kwa mara. Mbali na kikapu hakuwa tishio. Hayo yanasemwa na yeyote aliyetazama, na sisi tunayasema. Ila hayo ni mambo ya kocha na mazoezi, ya kukaa chini na kusema mguu uweke hapa, mwenzako aje kukusaidia kutoka pale. Kuandika "mrefu bule" ni kitu kingine kabisa. Hakuna mtu aliyewahi kujifunza kuzuia mene kwa kuchekwa.

Alirudi msimu wa 2022–23, ingawa angeweza kuondoka. Goti lilifanyiwa upasuaji mdogo kabla msimu haujaanza. Akamaliza na wastani wa ribaundi 13.7. Kwenye mashindano ya taifa dhidi ya Providence akavuta 25, Kentucky wakashinda 61–53. Mechi iliyofuata wakafungwa na Kansas State 75–69, na Oscar siku hiyo alikuwa na pointi 25, ribaundi 18. Mnaona kitu kinajirudia? Misimu miwili, mechi mbili za mwisho, na zote mbili yeye ametoa kila alichonacho. Mwaka 2023 timu za NBA zikachagua vijana 58, jina lake halikusomwa. Akaingia kwa mlango wa nyuma, mkataba mdogo na Indiana, baadaye Utah, huku akicheza sana ligi ya daraja la chini, anavuta ribaundi kama kawaida yake. Kuna mtu ameandika kwamba huko ni kushindwa. Ndugu yetu, wewe uko wapi? Sisi tuko wapi?

Kuna jambo lingine ambalo katika vichekesho vyenu halikutajwa hata mara moja, na kwetu ndilo kubwa. Kuanzia Julai 2021 wachezaji wa vyuo Marekani waliruhusiwa kupata pesa kutokana na jina lao: matangazo, jezi, picha. Wenzake Oscar walikuwa wanalipwa. Yeye alikuwa na viza ya mwanafunzi, na viza hiyo inakataza kazi nyingi. Kwa hiyo mchezaji bora wa nchi nzima, ambaye watu elfu 20 walilipa tiketi kumwona, alikuwa ndani ya ukumbi ule mtu ambaye karatasi yake haimruhusu kulipwa kama mwenzake aliyekaa naye benchi moja. Ilibidi timu iende Bahamas Agosti 2022 kucheza mechi za kirafiki ndipo akafanya kazi za matangazo kule, nje ya ardhi ya Marekani, kwa sababu sheria haikufika huko. Alisubiri mpaka avuke maji ili alipwe kwa jina lake mwenyewe!

Sisi habari ya karatasi hatuhitaji kufundishwa. Tunajua kuwa na mikono, nguvu na akili, halafu mtu anakuuliza kwanza kitambulisho cha aina gani. Tunajua mtu wa diploma ya ualimu anayebeba magunia sokoni. Basi inakuwaje sisi, kati ya watu wote duniani, tunamtazama Oscar na kuona kombe tu?

Na si yeye peke yake. Khaman Maluach mnamjua, yule kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, aliyechezea City Oilers ya Kampala kwenye ligi ya BAL mwaka 2024 na mwaka huo huo akaenda Olimpiki Paris akiwa na miaka 17. Msimu wa 2024–25 alikuwa Duke. Timu ilishinda mechi 35 ikapoteza nne tu. Tarehe 5 Aprili 2025, San Antonio, nusu fainali, Duke wanaongoza kwa pointi sita na imebaki chini ya dakika moja, Houston wakageuza wakashinda 70–67. Maluach, mwenye mita 2.18, hakupata ribaundi hata moja usiku ule. Grupu letu liliwaka! Sifuri, sifuri, sifuri, mkaandika kama nyimbo.

Siku hiyo hiyo, Jumamosi hiyo hiyo, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alikuwa ametangaza kwamba viza zote za watu wenye pasipoti ya Sudan Kusini zinafutwa. Kijana wa miaka 18 anaingia uwanjani mbele ya dunia nzima siku ambayo nchi anayochezea inasema watu wa pasipoti yake hawatakiwi. Hatujui kichwani mwake kulikuwa na nini, hatukumwuliza. Tunajua kichwani mwetu kulikuwa na nini siku tulipovuka daraja la Rusizi na mifuko, na tunajua kesho yake hakuna hata mmoja wetu angeweza kuruka kushika mpira. Miezi miwili na kidogo baadaye Maluach akachaguliwa wa 10 kuingia NBA, akaishia Phoenix.

Mji ule ule wa San Antonio, mwaka 2004, Luol Deng naye alifungwa nusu fainali akiwa na Duke, kwa pointi moja, 79–78 na Connecticut. Deng alikuwa mtoto wa wakimbizi, alipita Misri, akakulia London. Leo ukitaja basketi ya Sudan Kusini unamtaja yeye, ndiye aliyesimamia shirikisho lao mpaka timu ikafika Paris. Nani anakumbuka ile pointi moja?

Sasa turudi nyumbani, maana barua hii imetoka huko.

Mechi yetu ya mwisho tulifungwa kwa pointi tatu. Dada yetu anayeshika daftari aliandika kila kitu kwa Bic, kama kawaida yake, na daftari tumelifungua tena juzi. Mdogo wetu pivo: ribaundi 17. Pointi 8. Mitupo ya mbali ya timu nzima: tumerusha 19, zimeingia 2. Hizo 19 hakurusha hata moja yeye. Alirusha nani? Sisi. Baadhi ya hawa wanaoandika barua hii. Tulirusha kwa sababu kila mtu anataka kuwa Stephen Curry, na kila tulipokosa yeye alirudisha mpira, akatupa tena, tukakosa tena. Mechi ikaisha, na kabla jasho halijakauka sauti zikaanza kuingia kwenye grupu: urefu wote ule wa nini, angekuwa mwembamba wa Nkombo angeruka zaidi, na maneno mengine ambayo hatuyarudii hapa kwa heshima ya mama yake.

Huyu mdogo wetu alivuka Februari 2025, akapitia Nyarushishi, alikuwa hajawahi kushika mpira wa basketi mpaka tulipomwita kwa sababu ya urefu wake. Ndiyo, tulimwita kwa urefu, tukubali. Kabla hatujamfundisha hata kupiga dribo tulishampangia kazi ya kubeba. Kuna baba mmoja pia alikuja siku fulani na futi ya fundi nguo, akampima, akamwambia mama yake atafute pesa ya dosie, kijana ataenda chuo Marekani. Mama aliuza vitenge viwili. Baba huyo simu yake haipatikani tena. Hakuna aliyemwuliza mdogo wetu kama anataka kwenda, wala anapenda kusoma nini. Anapenda umeme. Anatengeneza redio. Wangapi kati yenu mlikuwa mnajua?

Tulienda kwao Jumapili. Yaya yake alitupokea, akatutolea viti na sambaza, mwenyewe akabaki ndani. Alipotoka alituamkia vizuri, hakutukana mtu. Akasema sasa anabeba mizigo soko la Kamembe asubuhi, na jioni anachoka. Tulimwambia tunaomba radhi. Akasema hakuna shida. Mnajua ile "hakuna shida" ya mtu ambaye shida iko.

Tunajua pia majibu yenu, tumeshayasikia. Eti mchezo ni mchezo, anayeingia uwanjani akubali kusemwa. Eti hata Ulaya mashabiki wanatukana. Sawa, mashabiki wa Kentucky walimlaumu Oscar, lakini wao wakizima simu wanalala kwao. Wana timu nyingine, msimu mwingine, pivo mwingine anakuja mwakani. Sisi tuko na pivo mmoja, na ni jirani yetu, tulivuka naye mpaka. Eti tunawafanya vijana kuwa laini. Huyu alivuta ribaundi 17 na viatu vya kuazima vinavyombana, leteni mgumu kuliko huyo.

Na wale mliosema kwamba takwimu ni za watu weupe, kwetu tunaona kwa macho: macho yenu yaliona nini siku ile? Yaliona mtu mrefu na timu iliyofungwa, yakaunganisha. Daftari la dada liliona mipira 17. Kuanzia sasa mtu akitaka kumsema mchezaji wa kwetu, aje kwanza asome daftari. Liko kwa dada, halikatazwi kwa mtu yeyote. Akikuta pivo ameachia mene apite mara kumi, aseme, tutalifanyia kazi pamoja. Atakuta pia nani alirusha zile 19, na hapo tutaona kama atacheka vile vile.

Tumekubaliana mambo machache. Aliyeweka ile picha ataenda kwao mdogo wetu yeye mwenyewe, bila simu. Sisi tuliorusha tutaenda naye tena, kwa sababu mara ya kwanza tulijiombea radhi kwa haraka mno. Mazoezi tumeyahamisha kutoka saa kumi jioni kwenda Jumamosi saa mbili asubuhi, siku ambayo hana mizigo. Kaka mmoja wa Gihundwe ametoa viatu namba 47, amevivaa mara mbili tu. Na mazoezi ya kwanza hakuna kurusha kutoka mbali kabisa: nusu saa ni kuweka mgongo na kuvuta, sisi wote, wafupi kwa warefu, mpaka kila mtu mbavu zimuume.

Kama atakuja hatujui. Yaya yake amesema viatu tuviache kwake.